Jeneza Jepesi

Adhana ya adhuhuri ya Ijumaa ilipomalizika, Bi Mwanamvua alikuwa akiwapumulia watu saba, na bado alikuwa na pumzi ya kumsuta binti yake.

"Usinisimamie kama mlingoti, Semeni. Kaa chini. Unanizibia upepo."

Semeni akakaa ukingoni mwa mkeka. Mama yake alikuwa ameegemea nguzo, miguu ameinyoosha, kiganja cha kulia kimelala chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. Kila alipovuta pumzi, vifua saba vilivyolala mbele yake vilipanda pamoja. Alipoishusha, vilishuka. Wenye vifua hivyo walikuwa wamefumba macho, midomo imewapauka, lakini walikuwa hai kwa sababu mwanamke mmoja mzee, mwembamba kama ufito, alikuwa hajakubali kuwaachia.

Semeni ndiye fundi wa nyumba ile, Nyumba ya Pumzi. Alijua kila hesabu iliyoliwezesha jambo lile, na hata hivyo hakuwahi kulitazama bila mwili kumsisimka. Mtu anaweza kuchimba kisima kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaogopa kuchungulia ndani.

Punje ilikuwa kwa kila mkazi wa Tanga. Iliingia miaka ya homa ya mapafu, watu walipokuwa wakizikwa hadi ubani ukaadimika madukani. Wakubwa kwa wadogo walipandikizwa kitu kidogo kama chembe ya mtama chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kisikilize pumzi na kuushtua msuli wa chini ya mapafu pale unapolegea. Homa ikapita, punje zikabaki. Baadaye ikagunduliwa kwamba punje iliyo katika kifua kizima inaweza kuipigia mdundo punje iliyo katika kifua kilichonyamaza, na kifua hicho kikafuata. Mkopeshaji hulipa, maana hakuna cha bure. Kifua huwa kizito na moyo hupiga kama wa mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani. Kumpumulia mtu mmoja, utashinda naye mpaka jioni ukila na kupiga soga. Wawili ni kazi. Saba hakuna aliyeweza ila Bi Mwanamvua, kwa sababu aliimba taarabu maisha yake yote. Ile pumzi iliyokuwa ikishika beti moja mpaka fidla zizunguke na kurudi haikuondoka, ingawa unga wa kulevya ulikuwa umekula karibu kila kitu kingine alichokuwa nacho.

Na pumzi haikuchukuliwa, ilikopeshwa. Hiyo ndiyo sheria ambayo watu wa nyumba ile waliipigania mpaka ikapita. Punje ya aliyeanguka hubisha hodi katika vifua vya walio karibu, mbisho mdogo kama wa kucha mlangoni. Ukiweka kiganja kifuani na kukiacha hapo, umesema karibu. Usipoweka, umekaa kimya kwako, na hakuna wa kukulaumu. Ila baraza la mji lilitia sharti lake. Hodi hizo zisisikike nje ya kuta za Nyumba ya Pumzi, wananchi wema wasije wakasumbuliwa na mateja wakiwa sokoni.

Mateja ndiyo jina walilopewa watumiaji wa unga mtaani. Wao walijiita watu wa Kamba, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa kiwanda cha kusokota kamba za mkonge. Mitambo iliuzwa zamani kama vyuma chakavu. Kilichobaki ni harufu, na vumbi jeupe la nyuzi lililokataa kufagiliwa, likielea hewani mchana kutwa pale jua lilipopenya kwenye mabati.

"Dada Semeni." Aliyeita ni Ngwali, mwanamume wa makamo aliyekuwa zamu pamoja na Bi Mwanamvua. Kila siku wawili walikaa bila kutumia chochote ili wawapumulie wenzao, na Ijumaa ile zamu ilikuwa yao. Ngwali alikuwa amewabeba watatu na jasho lilimtiririka hadi kidevuni. "Yule wa dirishani naye anaondoka."

Semeni alimkimbilia. Alikuwa msichana msusi wa nywele, kitana bado kimechomekwa kichwani. Dawa ya kuzindua, ile ya kupuliza puani, ilikuwa imekwisha, na kwa mchanganyiko huu hata ilipokuwepo ilifanya kazi nusu. Gari la hospitali lilikuwa Muheza kwenye ajali ya lori. Walisema linakuja, na Semeni aliujua urefu wa neno hilo.

"Mlete," alisema Bi Mwanamvua.

"Mama, moyo wako unakimbia mno. Naona hapa." Semeni alimwonyesha kishikwambi. "Niachie huyu mimi, na wewe punguza wawili."

"Wewe una pumu tangu utotoni. Ukimbeba utaanguka, tubaki kuwabeba wawili. Na mimi nipunguze nani? Nichagulie wewe uliyesoma."

Semeni alitazama mikekani. Mvunja kokoto. Mzee aliyekuwa mpiga tarumbeta. Mama wa watoto wawili. Hakuchagua. Punje ya yule msusi ikabisha hodi, Bi Mwanamvua akakikandamiza kiganja, na kifua cha nane kikapanda. Mshipa wa shingo ya mama ukamtoka kama mzizi.

Hawakufika hapa kwa bahati mbaya, na ni vizuri lisemwe. Kwa miaka mitano Nyumba ya Pumzi iliwapa watu wake dawa ya kipimo kila asubuhi, safi, ya kukata arosto, yale maumivu ya kukosa unga, na baada ya hapo mtu alikwenda kazini. Misiba ikapungua mpaka watu wakasahau ilivyokuwa. Kusahau ndiko kulikoleta balaa. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mhina, alikusanya saini za kuifunga nyumba. "La kuvunda halina ubani," aliwaambia mkutanoni, na watu wakaitikia. Baraza likasimamisha dawa mpaka kura ipigwe. Lakini arosto haisubiri mkutano. Watu walirudi kwenye unga wa vichochoroni, na wiki hii mtu fulani aliuchanganya na dawa ya kulazia ng'ombe.

Kanuni moja tu hawakuivunja. Usitumie peke yako. Walikuja na unga wao mifukoni mpaka kiwandani, wakaanguka mahali ambapo wangeweza kuokotwa.

*

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Semeni, kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kwenye uzi. Alikabidhiwa pamoja na kazi, akala kiapo kwamba atautunza na hatautumia. Ufunguo ule haukubisha hodi. Ungeugusisha kwenye mtambo wa punje na kufungua punje zote za kata nzima kwa mkupuo, ukajichotea pumzi.

Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, na watu walikuwa wamejaa mpaka uani. Vifua vingi kiasi hicho! Kila mmoja angetoa kidogo tu. Wangepiga miayo wakati wa hotuba na kumlaumu imamu.

Alikuwa amekwisha kuuvua uzi alipomsikia mama yake.

"Rudisha hiyo."

"Hawatajua."

"Ndiyo maana nasema rudisha." Bi Mwanamvua alisema maneno machache kwa kila pumzi sasa, akisubiri vifua vipande na vishuke. "Zamani baraza liliugeuza huo ufunguo kutafuta nani ana unga mwilini. Unakumbuka tulipokuwa tunalala?"

Semeni alikumbuka. Shimo la maji machafu ya mkonge, nyuma ya shamba, ambako punje hazikusikika. Watu walijificha humo kila mmoja peke yake, na walitolewa humo wakiwa maiti, kila mmoja peke yake.

"Walitoka kwenye mashimo kwa sababu tuliwaapia hautatumika tena," mama akaendelea. "Ukichukua leo bila kuuliza, hata kwa heri, kesho watarudi shimoni. Na huko msikitini kuna mwenye mimba? Kuna mwenye moyo mbovu? Unamjua?"

"Simjui."

"Basi."

"Wewe utakufa, mama. Si kesho. Leo, hapa, mbele yangu."

Bi Mwanamvua alicheka, na vifua vinane vikatikisika pamoja naye. Ngwali alishtuka akamtazama.

"Nikifa wacha uone. Huyo Mhina hajaitikia salamu yangu tangu nimeacha kuimba. Lakini jeneza langu atalishika mbele. Na hao wa pikipiki watashuka wanibebe hatua mbili wapate thawabu. Watu wa Tanga hao, hawamuulizi maiti alikuwa nani." Akavuta pumzi ndefu. "Nikiwa hai sina hata wa kunipa nafasi kwenye benchi. Nikifa watanigombania."

Semeni aligeuka kuelekea msikitini. Kisha akauvaa ufunguo shingoni, akautia ndani ya gauni, akatoka mbio.

*

Swala ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakitafuta viatu vyao. Jeneza la msikiti lilikuwa mahali pake, limetundikwa ukutani karibu na birika la kutawadhia. Mzee Mhina, mwenye kanzu iliyonyooshwa vikali na kofia ya kushonwa kwa mkono, ndiye aliyekuwa mtunzaji wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama viatu, kisha uso. Alimjua ni binti wa nani.

"Naomba jeneza."

Uso wake ukabadilika pale pale. Ugumu wote ulitoka, kama mtu aliyevuliwa mzigo asiojua kwamba ameubeba. "Inna lillahi. La kwenda wapi?"

"Kiwandani."

Hakuuliza zaidi. Huo ndio uungwana wa watu wale. Jirani akiomba jeneza, husemi la nani, alikufaje, alikuwa mtu gani. Unaliteremsha. Alilivuta kutoka ukutani, akashika mkono wa mbele, na kabla hajageuka mikono mingine ilikuwa imekwisha kushika. Walilitoa nje tupu, kama jeneza linavyokwenda siku zote kumfuata mwenyewe nyumbani kwake. Waliokuwa wamefika barabarani walirudi. Wa pikipiki waliegesha. Muuza mihogo ya kukaanga, Bi Sharifa, akateremsha karai motoni na kujitanda kanga, akafuata nyuma na wanawake wenzake, maana wanawake hukaa na wafiwa.

Semeni alitangulia. Hakuwa amesema uongo, lakini alitembea kama mwizi, bila kugeuka nyuma.

Mlangoni wote walisimama. Si kwamba alizuia mtu. Ni kile walichokisikia. Ndani ya kiwanda kikubwa, kilichokuwa kimya tangu mitambo iuzwe, kitu kimoja kilikuwa kinapumua. Pumzi iliingia, ikatulia, ikatoka, na ilitoka katika vinywa kumi na zaidi kwa wakati mmoja. Vumbi la nyuzi kwenye miali ya jua lilikuwa likisogea mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, kwa kuifuata. Mtu mmoja akavua viatu bila kuambiwa, na waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo.

"Maiti yuko wapi?" aliuliza Mzee Mhina kwa sauti ndogo.

"Hajafa bado," alisema Semeni. "Hakuna aliyekufa. Wanaobebwa ni hao mikekani. Aliyewabeba ni mama yangu pale nguzoni, na huyu Ngwali. Wamechoka. Mama hatafika alasiri."

Minong'ono ikazuka nyuma. Mzee Mhina alikuwa bado ameshika mkono wa jeneza.

"Umetuchezea, binti. Umetutoa msikitini kwa jeneza."

"Nimeomba jeneza, mzee, sikusema mtu amekufa. Mkisubiri kidogo litapata kazi. Mlikuja kubeba, na mkiingia ndani ya kuta hizi mtasikia hodi kifuani. Anayetaka aweke kiganja, akiache. Kifua kitakuwa kizito, lakini hakiumii. Mwenye mimba, mwenye pumu, mwenye moyo mbovu, abaki nje, tafadhali. Asiyetaka arudi, na hakuna atakayejua ni nani."

"Na huo ufunguo wenu?" Alikuwa mtu wa mikutano, alijua mambo. "Ungeweza kuchukua tu tukiwa swalani. Tungejua?"

"Msingejua kamwe."

"Kwa nini hukuchukua?"

"Kwa sababu msingejua," alisema Semeni. "Mzee, mimi nakuomba. Sina kingine."

Ndani Bi Mwanamvua akakohoa. Pumzi ya kiwanda kizima ikakwama katikati, vifua vyote vikasimama, na kila aliyekuwa mlangoni akajikuta naye amezuia yake. Kisha ikarudi, kwa shida.

Bi Sharifa aliwapenya wanaume kwa kiwiko. "Jeneza hamtuachii sisi hata siku moja," alisema. "Hili basi tupisheni." Akaingia peku, mikono ikinuka mafuta ya mihogo, akasimama katikati ya ukumbi. Walimwona akishtuka, akitazama kifua chake kana kwamba mtu alikuwa ndani. Kisha akaweka kiganja. Pale dirishani, msichana mwenye kitana kichwani akapumua kwa mdundo mwingine, wa polepole zaidi, wa mwanamke mnene aliyezoea kukaa jikoni.

"Ya Rabi," alisema Bi Sharifa. "Yumo."

Waliingia. Wa pikipiki, wanafunzi wa madrasa waliokwisha kuota ndevu, mshona viatu, mwalimu mstaafu, wanawake wa nyuma ya msafara. Waliingia kama watu wanaoingia mazishini, wakisukumana kwa adabu, na viganja vikapanda vifuani kimoja baada ya kingine. Waliochoka walipokezana, kama wanavyopokezana begani njia ya makaburini. Yule alipoteremsha kiganja, huyu alikuwa amekwisha kuweka chake, na aliyelala hakukosa hata pumzi moja. Semeni hakuwafundisha hilo. Katika michoro yake yote hakuwahi kuliwaza, akasimama na kishikwambi mkononi akiwa amesahau kukitazama. Vumbi jeupe sasa lilikuwa likienda na kurudi ukumbi mzima, mpaka juu kwenye mabati, kama pazia kwenye dirisha lenye upepo, na alilia bila kujificha.

Mzee Mhina alikuja mwisho. Alilaza jeneza chini kwa uangalifu, akamwendea Bi Mwanamvua, akachuchumaa mbele yake.

"Nipe aliye mzito kuliko wote."

"Umechelewa," Bi Mwanamvua alisema, macho nusu yamefumba. "Ila mmoja bado. Ananing'ang'ania."

Mzee Mhina aliweka kiganja. Bi Mwanamvua alimtazama mpaka alipohakikisha, kisha mkono wake ukateleza kutoka kifuani ukaangukia pajani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ya kwake peke yake. Ilikuwa ndogo sana. Semeni alimkumbatia, sikio kifuani, na akasikiliza moyo ule ukitafuta njia, ukijikwaa, ukitafuta tena.

*

Gari la hospitali lilifika jua limeshaanza kulegea. Wahudumu walikuta watu wamejaa kiwandani, wengine wamekaa na wengine wamelala, na ilibidi waulize nani ndiye mgonjwa. Waliwaamsha mmoja mmoja. Msusi alipofumbua macho alimkuta Bi Sharifa juu yake, akaomba maji, akaulizwa na yeye mihogo ataila na pilipili au bila.

Mzee Mhina alikataa kuachia mpaka mwisho. Kiganja chake kilikuwa kimekufa ganzi.

"Ni nani huyu ninayempumulia?" alimwuliza Semeni.

"Punje haisemi jina."

"Wewe si fundi? Utamjua."

"Nikikwambia?"

Mbele yao watu kadhaa walikuwa wakijinyanyua, mmoja wao akishangaa kuwa yuko hai, na hakuna aliyejua wake ni yupi. Mzee Mhina aliwatazama wote, uso hadi uso, kama aliyepoteza mtu sokoni. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Usiniambie." Na pale kiganja chake kilipoachwa wazi hatimaye, kikiwa hakina wa kumbeba, alikikunja polepole akakitia mfukoni mwa kanzu.

Bi Mwanamvua alizinduka akiwa kwenye machela, karibu na mlango, sindano ya maji mkononi. Jambo la kwanza alilotaka ni sigara, akanyimwa. La pili alitazama mahali jeneza lilipokuwa.

"Limekwenda wapi?"

"Wamelirudisha msikitini," alisema Semeni.

"Nani kalirudisha? Mhina peke yake?"

"Wote, mama. Lilipotoka mlangoni walilishika. Wa barabarani wakashuka wakapokea. Wamelipokezana mpaka ng'ambo. Hata Bi Sharifa kashika, na hakuna aliyemzuia."

"Likiwa na nani ndani?"

"Hakuna mtu."

"Tupu?"

"Tupu. Walisema jepesi mno, lakini hawakuliachia."

Bi Mwanamvua alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena, na Semeni akaweka mkono kwenye kifua cha mama yake, akakisikia kikipanda na kushuka.